Maji Yaliyonyamaza

Maji yaliyonyamaza hayajakauka. Asubuhi mlinisikia nikimwambia baba yenu maneno hayo, alipokuwa akifunga mfuko wa plastiki kwenye bomba la jikoni. Mkacheka, kisha mkaniuliza yametoka wapi. Basi ketini, wajukuu zangu, chanzo chake ni hiki, na wala si cha kuchekesha.

Dada yangu Asumini aliolewa Morogoro na mtu aitwaye Kobelo, dereva wa malori aliyekuwa amestaafu. Walikaa kwenye nyumba ndefu ya matofali ya udongo, iliyogawanywa katikati kwa ukuta mmoja. Upande wa pili aliishi Bi Mwanaidi, mshonaji wa nguo, pamoja na mama yake mzazi ambaye miguu ilimsumbua hata muda mwingi alikuwa wa kulala. Kitanda cha bibi huyo kilikuwa kimeegemezwa kwenye ukuta uleule, na nyuma ya ukuta ndipo lilipokuwa bafu la Kobelo.

Shemeji yangu hakuwa mvivu, nisimsingizie. Koki ikidondosha, alibadilisha mpira wake mwenyewe. Karo likiziba, alilizibua. Kazi ndogo kama hizo kila mwenye nyumba inafaa aziweze. Ubaya wake ni kwamba hakujua zinaishia wapi. Kila alipoambiwa amwite fundi, alijibu kwamba yeye amefungua injini za malori porini peke yake, sembuse kibomba cha bafuni.

Ikatokea bomba lililopita ndani ya ukuta ule likaanza kulia, na rangi ya ukuta ikavimba. Asumini akamsihi mumewe amwite Lukwele, fundi bomba wa mtaa wa jirani. Kobelo hakutaka kusikia. Akabandua lipu, akakuta bomba la chuma limeliwa na kutu. Akalizungushia vipande vya tyubu ya baiskeli, akakaza kwa waya, akapiga lipu upya na kubandika vigae juu yake. Sauti ikakoma. Akawaita hata majirani waje wasikilize kimya hicho.

Asumini hakuridhika. Aliona kwamba hata koki zote za nyumba zikifungwa, mita ya maji bado inazunguka. Akamwambia mumewe. Akajibiwa kwamba mita ni mbovu.

Haukupita muda mrefu, ukuta wa upande wa pili ukaanza kutoa jasho. Godoro la yule bibi likaota ukungu, naye akashikwa na kikohozi. Bi Mwanaidi akaenda kwa Kobelo kwa adabu zote, akamweleza. Mnajua alijibiwa nini? Aliambiwa kwamba bafu la Kobelo ni kavu, na kwamba maji yale ni yake mwenyewe, kwa kuwa anamwogesha mama yake chumbani kwa beseni na kuyamwaga ovyo. Tena Kobelo hakuishia hapo. Alikwenda kumshtaki kwa mjumbe wa nyumba kumi, kwamba jirani anambomolea nyumba.

Mjumbe akaitisha kikao. Mimi sikuwapo, haya nilisimuliwa na dada yangu. Wazee wazima waliingia bafuni kwa Kobelo, wakaona vigae vinang'aa, wakatoka wameridhika. Hakuna hata mmoja aliyetaka kuuona ukuta kwa upande wa Bi Mwanaidi. Asumini alipotaka kueleza habari ya mita, mumewe akamkata kauli, na mjumbe akasema mambo ya mke na mume yasiletwe kikaoni. Kisha Bi Mwanaidi akasimamishwa, akatakiwa aombe radhi. Mwanamke ambaye kosa lake lilikuwa kumwogesha mama yake, akaomba radhi. Tangu hapo akawa anambeba mama yake mgongoni, anampeleka kuogea uani, kwenye upepo wa baridi unaoshuka kutoka milima ya Uluguru, ili watu wasipate la kusema.

Nikifika hapo hasira hunipanda upya. Mtaani kulikuwa na wanaume watu wazima, na hakuna aliyeona haya.

Lakini tofali la udongo likishakunywa maji halisubiri kikao. Mchana mmoja Bi Mwanaidi akiwa barazani anashona, ukuta ukaanguka kitandani. Majirani wakafukua kwa mikono, wakamtoa yule bibi akiwa hai, nyonga imevunjika. Na pale ukuta ulipokuwa, bomba likaonekana na kila mtu, na tyubu zake na waya wake, maji yanachuruzika kila upande. Neno la kwanza la Kobelo lilikuwa kwamba si aliwaambia huyu mwanamke atambomolea nyumba. Hakumaliza. Lukwele alikuwa amekwisha kufika, akaifunga koki kuu ya nje, ya upande wa Kobelo, na maji yakakatika watu wakiwa wanatazama. Fundi hakuongeza mengi. Alisema bomba la ndani ya ukuta likishalia, mtu hufunga koki kuu na kuita fundi. Ukiliviringisha mpira na kulifukia, unachoziba ni sauti tu.

Kobelo akaujenga ukuta upya. Yule bibi akarudi kutoka hospitali, lakini hakusimama tena. Bi Mwanaidi akaendelea kushona, hamsemeshi mtu. Siku zikapita, mjumbe akaitisha kikao kingine ili jambo lifungwe.

"Ukuta umesimama," mjumbe akasema. "Na Bi Mwanaidi tunamwona ametulia, hana neno. Basi na tuseme yamekwisha."

Bi Mwanaidi akasimama bila kuitwa.

"Mjumbe, maji yaliyonyamaza hayajakauka. Bomba lilipozibwa mkasikia kimya, mkasema limepona. Sasa mnasikia kimya changu, mnasema nimepona. Mama yangu yuko ndani hawezi kusimama, na mimi mlinisimamisha hapa nikaomba radhi kwa kosa lisilo langu."

"Sasa unataka tufanye nini, mama?" mjumbe akauliza.

"Mlinichafua mbele za watu. Nisafisheni mbele za watu. Yeye aanze, nanyi mfuate."

Kobelo akasema ukuta ameshaujenga, hajui afanye nini zaidi. Hapo dada yangu, aliyenyamazishwa mara ya kwanza, akamgeukia.

"Simama useme," akamwambia. "Ulijua mita inazunguka. Nilikwambia."

Safari hii hakuna aliyemkatiza. Kobelo akasimama. Alianza kwa kuzungukazunguka, Bi Mwanaidi akakataa, akamtaka ataje bomba, ataje tyubu, ataje uongo aliomzushia. Akavitaja kimoja kimoja, jasho linamtoka. Akafuata mjumbe, wakafuata wazee waliokuwa wamesifu vigae. Bi Mwanaidi aliwasikiliza wote mpaka wa mwisho. Hakusema amesamehe, wala hakusema hajasamehe. Aliinuka, akaenda kumgeuza mama yake kitandani.

Wanawake wa mtaa ule ndio waliolichukua neno lake. Likasemwa kwa bomba lililofungwa kitambaa, likasemwa kwa mke aliyeacha kulalamika, likasemwa kwa jirani aliyedhulumiwa na kuambiwa avumilie. Likavuka Morogoro, likafika hadi kwetu. Kwa hiyo, wajukuu zangu, mkiona kero imeacha kupiga kelele, msiwahi kushangilia. Kwanza nendeni mkauguse ukuta wa upande wa pili.

Maji yaliyonyamaza hayajakauka.