Kwa Nini Mama wa Mwandoni Hufumba Macho

Kaeni vizuri, kunjeni miguu, na anayetafuna ameze. Jambo hili halisikilizwi kwa mdomo uliojaa.

Hapo kale herufi hazikuwa na makao majumbani. Katika mji wa Mwandoni zilikaa chuoni kwa mwalimu, na mlango wake ukifungwa nazo zilifungiwa humo. Mtoto wa kiume alipelekwa huko meno ya mbele yakishang'oka, akaanzishwa alifu, herufi ya kwanza, kwa ujiti wa kuonyeshea, na fimbo imeegemezwa ukutani inamsubiri. Mtoto wa kike alibaki jikoni. Hakuna aliyeona kwamba hiyo ni dhuluma, maana jambo likishazoeleka hata aliyeonewa hulitetea.

Zama hizo aliolewa mjini hapo mwanamke aitwaye Mize. Kwao kulikuwa mbali, na baba yake alikuwa mwalimu asiyejaliwa mtoto wa kiume, basi yote aliyoyajua alimfundisha binti yake. Mize aliingia Mwandoni na ubao wa kuandikia katikati ya nguo zake za arusi. Watu walicheka siku mbili tatu, kisha wakapata la kucheka jingine. Mumewe hakuishi sana. Alimwachia binti mmoja, Tumu, na mavyaa mmoja, Bi Somoe, mama wa marehemu, mwanamke wa maneno machache na yote makali.

Tumu alipokuwa bado mdogo, macho ya mama yake yakaanza kuingia ukungu. Kwanza uzi ulikataa kuingia kwenye sindano. Kisha nyuso za watu zikapotea, zikabaki sauti. Mize alinyamaza, akawa anatembea nyumbani kwa kuhesabu milango na kugusa kuta. Kiza chenyewe hakukiogopa, kwani kiza huzoeleka. Aliogopa kwamba amana ya baba yake itazikwa naye, hajamkabidhi mtu. Hofu hiyo ilimnyima raha hata akila.

Ndipo alipoutoa ule ubao, akamketisha Tumu kando yake jikoni.

"Mtoto hata leso hajui kujifunga, alifu ya nini?" Bi Somoe aliuliza.

"Samaki mkunje angali mbichi, mama," Mize alijibu, akachovya kalamu ya mwanzi kwenye wino wa masizi.

Wakaendelea hivyo muda, mama akiandika, mtoto akifuatisha. Alasiri moja Mize aliandika mstari mzima, akausoma kwa sauti nzuri, akamwambia Tumu arudie. Tumu hakurudia. Aliinamia ubao, akamtazama mama yake, akautazama ubao tena.

"Mama, mbona hujaandika kitu?"

Kumbe wino ulikuwa umekwisha, na kalamu kavu ndiyo iliyokuwa ikipita juu ya ubao. Mize alishika ubao kwa mikono miwili, akauweka chini taratibu, akalia mbele ya mwanawe. Tangu hapo ubao ukawekwa darini, na Tumu akakatazwa kuuulizia.

Ikafika hitima ya kumkumbuka marehemu mumewe. Bi Somoe aliroweka mchele bora wa nyumba ile kwa ajili ya mikate ya wasomaji, Mize akautwanga na kuuchekecha, akautandaza kwenye ungo. Mnajua unga wa mchele uliorowekwa, una unyevu, hushika alama. Alipokuwa akiusawazisha, kidole chake kiliteleza na kuacha mfereji. Akapapasa tena, akaukuta mfereji palepale. Akachora alifu, akaifuata kwa ncha ya kidole, akaiona kwa namna ambayo hakuwa ameona kitu kwa muda mrefu.

"Tumu! Njoo, lete kidole chako."

Akachora be, imelala, na nukta chini ya tumbo lake. Tumu akachora ya kwake. Mize akaipapasa, akasema nukta imekwenda mbali, isogeze. Wakaujaza ungo wote, wakicheka, hata hawakusikia nyayo za Bi Somoe mlangoni.

"Unga wa hitima ya mwanangu!"

Kule Mwandoni chakula hakichezewi, sembuse cha maiti. Bi Somoe aliinua mkono aufute ungo ule kwa pigo moja, lakini mkono ukakwama hewani. Kwa maana kule pia herufi haifutwi ovyo. Ubao huoshwa kwa maji safi, na maji hayo humwagwa pasipokanyagwa na mtu. Bi Somoe hakujua kusoma, lakini heshima hiyo aliijua tangu utoto wake.

"Nani kaandika?"

"Mimi na mama, bibi," alisema Tumu. "Mama anaziona kwa kidole."

Bi Somoe akamgeukia mkaza mwanawe. Macho ya Mize yalikuwa yakitazama nguzo ya mlango.

"Mize, waniona?"

"Sikuoni, mama. Nakusikia tu."

"Na hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungesema kipofu halei. Ungemtoa mtoto mikononi mwangu kabla sijamaliza kumfundisha."

Ilikuwa kweli, na Bi Somoe mwenyewe aliijua. Akaketi sakafuni upande wa pili wa ungo. Akafumba macho. Akanyoosha kidole chake kikavu, akakishusha kwenye unga, akaifuata alifu kutoka juu hadi chini, polepole, na machozi yakampitia chini ya kope.

"Hizi hazimwagwi," alisema. "Wala hazitakanyagwa. Mwanangu asomewe, na hizi ziliwe."

Akaukanda unga ule kwa mikono yake. Mikate ikapikwa, hitima ikasomwa, watu wakala. Mwalimu wa chuo alipoambiwa kilichokuwa ndani ya mkate, aliomba mwingine.

Tumu akazijua herufi zote kabla meno hayajang'oka, na Mize akaishi akisomewa na binti yake mpaka siku yake ilipofika. Tumu alipopata mtoto, akaroweka mchele, akautwanga, akatandaza unga kwenye ungo. Macho yake yalikuwa mazima kabisa, lakini aliyafumba.

"Mama, mbona umefumba macho?" mtoto akauliza.

"Namtafuta bibi yako," alisema Tumu. "Andika, nimwone."

Majirani wakaiga, na tangu siku hiyo, mtoto wa Mwandoni, awe wa kike au wa kiume, herufi yake ya kwanza huiandika nyumbani kwa kidole, juu ya unga, na mama yake huisoma macho yakiwa yamefumbwa. Fimbo haikaribii ungo ule. Kisha unga hukandwa, mkate hupikwa, na kila aliyemo nyumbani hula kipande chake.