Msiba wa Mheshimiwa Kasusura

Mheshimiwa Kasusura, mwenyekiti wa kamati ya kuwapeleka viongozi chipukizi kusoma ng'ambo, alimwita Nyamizi, bingwa wa mdahalo chuoni, aliyeshinda nafasi pekee ya mwaka ule.

"Binti, jitoe. Ataenda mwanangu Edgar."

"Sawa, Mheshimiwa. Ila wafadhili wanapenda yatima, na Edgar ana baba mzima, tena mnene."

"Sasa tufanyeje?"

"Ufe kidogo tu. Wakishaondoka, unafufuka. Hotuba ya msibani niachie mimi, nitawaliza hadi wapishi."

Wazo lilimnogea. Jumamosi turubai likafungwa, pilau ikapikwa, jeneza likajazwa mchanga, na wafadhili wakakalishwa mbele. Edgar alilia kwa msaada wa vitunguu. Marehemu alijifungia stoo na sinia lake la pilau, akasikiliza sifa zake kupitia tundu la kitasa mpaka akatokwa na machozi ya kweli.

Nyamizi akashika kipaza sauti.

"Kabla hajakata roho, Mheshimiwa aliniachia wosia. Alisema, 'Nyamizi mwanangu, ng'ambo nenda wewe. Edgar abaki amtunze mama yake.'"

Watu wakaangua kilio. Mfadhili mkuu akasimama, akaapa mbele ya jeneza kwamba wosia wa marehemu hauvunjwi.

Kule stoo, sinia likaanguka kwa kishindo. Watu wote wakageuka.

Nyamizi akaenda akagonga mlango. "Kuna mtu humu? Tufungue?"

Kisha sauti nzito, yenye pilau mdomoni, ikajibu:

"Hamna mtu."