Sahani ya Halua

Subeti alikuwa mgeni wa Bwana Nasibu, tajiri bahili, mwezi mzima, akila pilau yake na kulalia godoro lake jipya. Mwishowe tajiri akamtilia sahani ya halua.

"Halua hii ikiisha, uondoke kwangu!"

"Sawa, bwana. Ila kila siku nitakula nusu ya iliyobaki, na mwingine asiiguse."

Bwana Nasibu akacheka moyoni: nusu leo, nusu kesho, keshokutwa mgeni hayupo! Akaapa mbele ya majirani kwamba itakuwa hivyo.

Siku ya arubaini tangu kiapo, alivaa miwani, akaiinamia sahani.

"Halua iko wapi?"

"Usipumulie hapo, bwana, utaipeperusha!" Subeti akafuta wembe aliokatia halua. "Nusu ya leo nimekula, iliyobaki ndiyo hiyo. Pilau imeiva?"