Barabara ya Kiboko Kwenda Kwenye Chumvi

Mpo?

Tupo.

Mmekaa?

Tumekaa.

Basi mwenye miguu mirefu aikunje, hadithi inataka kupita.

Tumeikunja, ipite.

Ilipita nyikani, zamani zile wanyama walipokuwa na mikutano mingi kuliko majani. Wanyama wa bwawani walikuwa wakienda mbali kulamba chumvi, kule mwisho wa nyika ambako ardhi ni nyeupe. Safari ilikuwa ndefu na njia haikuwa moja. Pundamilia alikuwa na njia yake, Nyati na yake, Nyani naye alikuwa na yake ila alikuwa akiisahau. Kila kiangazi walipotea wengine. Simba akaamuru iwepo barabara kuu moja, kutoka bwawani hadi kwenye chumvi, pana kiasi cha nyati wawili kupishana bila ugomvi. Mvua zikianza, atakuja kuikagua.

Siku hizo barabara haikuchimbwa wala haikulimwa. Ilikanyagwa. Mzito alitangulia, akaenda akarudi, akaenda akarudi, mpaka majani yakakata tamaa, na wengine wakafuata nyayo zake. Kwa hiyo hapakuwa na ubishi kuhusu nani apewe kazi. Mzito wa bwawani alikuwa Kiboko.

Kiboko hakuwa mbaya. Aliamini tu kwamba linalomfaa yeye linaifaa nyika yote, na hajatokea mtu wa kumwambia vingine. Aliikubali kazi kwa sharti dogo, kwamba majani ya kando ya barabara, kulia na kushoto, yaitwe hifadhi ya barabara, na hifadhi ya barabara iwe chakula cha mkanyagaji.

"Na mkanyagaji ni nani?" akauliza Pundamilia.

"Swali zuri," akasema Kiboko. "Mkutano umefungwa."

Kesho yake akatoka bwawani, ti, ti, ti, tumbo likiburuzika chini. Nyuma yake akafuata msaidizi wake, Ngiri, tiki tiki tiki, mdomoni kabeba vijiti vya kuchomeka kila palipoamuliwa. Wakaenda moja kwa moja kuelekea kwenye chumvi, mpaka wakafika bondeni kwenye rundo la mawe makubwa.

"Nini hiki?" akauliza Kiboko.

"Mawe, Mheshimiwa."

"Ya nani?"

"Ya Bi Pimbi. Anakaa humo kwenye nyufa na watoto wake."

"Yaviringishwe pembeni," akasema Kiboko. "Chomeka kijiti."

Bi Pimbi alikuwa juu ya jiwe akiota jua, watoto wamemlalia mgongoni. Pimbi, kama mjuavyo, ni mdogo kama sungura, na hajui kuchimba shimo. Ukiyaondoa mawe yake umemwondoa yeye. Tai wa juu hamalizi hata kuzunguka kabla hajawabeba watoto. Bi Pimbi alikitazama kile kijiti. Kisha akashuka taratibu.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba, mama. Umebahatika. Barabara imekupitia."

"Imenipitia wapi?"

"Hapo ulipokuwa umelala."

"Tumeshukuru," akasema Bi Pimbi. "Watoto, mshukuruni Mzee."

Watoto wakashukuru. Kiboko akachanganyikiwa kidogo. Alikuwa amejiandaa kwa kilio, hata maneno ya kubembeleza alikuwa nayo tayari, sasa hakujua ayaweke wapi.

"Ila naona aibu," Bi Pimbi akaendelea. "Watu watasema Mzee kampendelea Pimbi. Huku kwangu ni mawe matupu, ukoka hauoti. Hiyo hifadhi ya barabara utakula nini, Mzee? Kokoto?"

Kiboko akatazama kulia. Akatazama kushoto. Kweli, hapakuwa na jani.

"Mimi ni mdogo, lakini nakaa juu," akasema Bi Pimbi. "Kutoka kule juu naliona bonde la migunga. Majani yake mabichi mpaka yanatia uvivu. Barabara ingeweza kupita kule. Sisemi ipite. Nasema ni njia mojawapo, uitazame, uilinganishe."

"Nitailinganisha," akasema Kiboko, maana neno hilo lilimpendeza.

"Ukitoka, toka mlangoni pako. Barabara ya mkubwa inaanzia kwake. Usitafute pengine pa kutokea. Toka palepale, rudi palepale, watu wazoee."

Kiboko akalipenda na hilo. Mtoto mmoja wa Pimbi akauliza, "Mama, mbona humwambii aende zake?"

"Anakwenda, mwanangu. Mtazame anavyokwenda."

Kiboko alisikia, akadhani anasifiwa mwendo, akazidi kuyumbisha makalio.

Basi akaenda bonde la migunga, ti, ti, ti, na Ngiri nyuma, tiki tiki tiki. Akala hifadhi ya barabara ya kulia, akala ya kushoto. Alipomaliza akarudi kwenye mawe kutoa habari.

"Bonde limepita," akasema. "Barabara ni ile."

"Umechagua vizuri," akasema Bi Pimbi. "Chumvi itakuwa mbali kidogo, lakini safari si mbio. Pole tu kwa yale matikiti mwitu."

"Matikiti gani?"

"Sahau, Mzee. Yako nyuma ya vile vichuguu, upande mwingine kabisa."

Kiboko hakusahau. Kesho yake akatoka mlangoni pake, akapita kwa Bi Pimbi kuuliza vichuguu ni vipi, akaenda, ti, ti, ti. Akala matikiti, puchu, puchu, juisi ikimchuruzika kidevuni. Akarudi kwa Bi Pimbi.

"Barabara ipite kwenye matikiti."

"Na bonde la migunga?"

"Na bonde pia."

"Bonde liko kusini, Mzee, na matikiti kaskazini."

"Barabara itajua yenyewe," akasema Kiboko.

Ikawa ndiyo kazi ya kiangazi kile. Kila asubuhi alitoka palepale mlangoni, akashuka kwenye mawe, akasimama palepale chini ya jiwe kuu, akauliza. Bi Pimbi akatazama mbali, akasema ipo njia nyingine, haisemi vibaya ile ya jana, ila hii ya leo ina ukoka laini, au ina tope la kugaagaa, au ina kivuli. Kiboko akaenda, akala, akarudi kutoa habari, akasimama palepale, kisha akapanda kwenda bwawani kwake kulowesha ngozi. Kwenda kwa Bi Pimbi kulikuwa kwepesi, miguu ikijipeleka yenyewe. Kurudi nyumbani ndiko kulikomtoa jasho. Alidhani ni kwa sababu ya mazungumzo matamu.

Ngiri alichomeka vijiti, akaving'oa, akavichomeka. Siku moja alivitema vyote chini.

"Mheshimiwa, samahani. Barabara hii inakwenda kwenye chumvi au kwenye matikiti?"

"Tunalinganisha, Ngiri."

"Tunalinganisha nini na nini?"

Kiboko akatazama chini. Alikuwa amesimama mahali ambapo njia zake zimekutana, moja imetoka kushoto, nyingine kulia, nyingine imejizungusha kama mkia wa nguruwe, na zote zina nyayo zake, zote zinanuka yeye. Hakukumbuka ametokea ipi.

"Tumetoka wapi?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Mimi nakufuata wewe, Mheshimiwa," akasema Ngiri.

Basi Kiboko akafanya alilozoea. Akaenda kumwuliza Bi Pimbi bwawani ni upande gani.

Akaitisha mkutano, labda wanyama wamsaidie kuchagua. Walikuja, wengine kwa kuchelewa, maana walizifuata zile njia.

"Nilitoka kwangu kwenda kwenye chumvi," akasema Pundamilia. "Nikatembea vizuri kabisa, nikaona mbele yangu makalio yenye milia. Nikasema, ah, ndugu. Nikakazana nimfikie. Nimezunguka mpaka nimechoka, Mzee, na yeye hakugeuka hata kunisalimu. Ngiri ndiye aliyeniambia ni nyayo zangu mwenyewe nilizokuwa nazifukuza, huyo ndugu nilimwota kwa njaa."

"Wewe unataka ipite wapi?" akauliza Kiboko.

"Karibu na kwangu. Lakini isiniguse."

"Nyati?"

"Karibu na kwangu, isiniguse."

"Nyani?"

"Ipite karibu nione wapitao, lakini wasinione. Hasa wakiwa na chakula."

Kiboko akatazama uso mmoja baada ya mwingine. Kila aliyesema alikuwa na haki, na hilo ndilo lililomtesa. Angekuwepo hata mmoja mpumbavu, angemkatalia huyo na kazi ingesonga. Akahisi kichwa kizito kuliko mwili. Akaukumbuka mstari wake wa kwanza, ule ulionyooka, akatamani kuurudia.

"Nitaviringisha mawe," akamwambia Ngiri walipobaki wawili. "Bi Pimbi atanisamehe. Simba anakuja, na mimi sina hata njia moja. Kesho asubuhi."

"Naam, Mheshimiwa."

Jua lilipokuwa linazama, mawingu yakajipanga upande wa chumvi, meusi. Kiboko akaingia bwawani, chubwi, akalala usingizi wa mtu aliyeamua.

Mvua ikanyesha kama iliyokuwa imefungiwa. Bwawa likajaa. Maji yakatafuta pa kutokea, na zamani yangezunguka ukingo wote yasipate, yatulie. Sasa ukingo ulikuwa na mlango, mpana kama Kiboko, laini, umeburuzwa na tumbo lake asubuhi na jioni kiangazi kizima. Maji yakapita mlangoni, chururu, yakakuta njia imeshachongwa, yakaiteremkia.

Kiboko alipoamka, mvua imekatika na jua limepanda, mgongo wake ulikuwa nje, mkavu. Kwanza alidhani amenenepa. Kisha maji yakawa kwenye tumbo. Kisha kwenye magoti. Kisha akawa amesimama kwenye tope, kambare wawili wakirukaruka miguuni, nao wakimtazama kana kwamba ana maelezo.

Akayafuata maji yake. Yalikwenda mbele yake, yakijua kona zote. Katikati ya mteremko akamkuta Simba, manyoya yamemganda shingoni, mguu mmoja kaunyanyua hewani asiukanyagishe.

"Kiboko. Hii nini?"

"Barabara, Mfalme."

"Mbona inakwenda yenyewe?"

Kiboko akafikiri. "Ni ya kisasa," akasema.

"Nilikuagiza barabara, umenipa mto," akasema Simba. "Na mto wenyewe hauendi kwenye chumvi." Akajikung'uta, akaondoka kutafuta mahali pakavu. Akaagiza kwamba wanyama waendelee na njia zao za zamani mpaka atakapotangaza vingine. Nasikia hajatangaza.

Kiboko akateremka hadi mwisho wa maji. Mwisho wa maji ulikuwa chini ya jiwe kuu, pale alipokuwa akisimama kuuliza. Miguu yake ilikuwa imepadidimiza mpaka pakawa bakuli, na sasa bakuli lilikuwa limejaa na kutapakaa, bwawa zima, likiyazunguka mawe pande zote. Hakuna ambaye angeviringisha jiwe hata moja tena. Kijiti cha Ngiri kilielea kikapita. Watoto wa Pimbi walikuwa ukingoni wakinywa, lamba, lamba, bila haraka. Bi Pimbi alikuwa juu, mahali pake pa siku zote.

Kiboko akasimama. Ngozi ilikuwa imeanza kumpasuka kwa ukavu. Mbele yake kulikuwa na maji yaliyokuwa yake jana, na hakujua, kweli hakujua, ilikuwaje akayatembeza mpaka mlangoni kwa mtu mwingine.

"Hodi," akasema.

"Karibu, Mzee. Shikamoo. Umeamkaje?"

"Marahaba. Maji yangu yako kwako, mama."

"Nimeyaona. Sikuyaita, Mzee. Yamefuata barabara."

"Ulijua?"

Bi Pimbi akamtazama kwa upole. "Mimi niko juu tu, natazama. Wewe ndiye uliyekuwa ukitembea."

Kiboko akalifikiria hilo. Lilikuwa kweli, na halikumsaidia. Hakuwa na hasira. Hasira inahitaji mtu ajue aanzie wapi. Akapiga hatua moja kuelekea majini, akasita, maana sasa ilikuwa ni kwa watu, na watoto walikuwa mbele yake, na hata yeye alijua hapo haingiwi hivi hivi.

"Naomba kuingia," akasema. "Nipite wapi?"

Bi Pimbi akaketi vizuri, akakunja mikono kifuani, akatazama mbali.

"Kuna njia kadhaa," akasema.

Hadithi imetua hapo. Wanaotaka fundisho, fundisho ni hili: wadogo wasishirikishwe kwenye mipango mikubwa, maana hawaoni mbali; na mzito akitangulia afuatwe bila maswali, kwa sababu mzito anajua aendako.

Ikiwa tamu, tugawane. Ikiwa chungu, niachieni niimeze mwenyewe.