Zamu ya Kwanza Ukunguni

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyua na vyungu vyao kama sisi, ulichezwa mpira wa kurusha kwa mkono. Mrushaji husimama nyuma, wenziwe hukimbia mbele wakingoja mpira uwafikie. Kijiji kilichoshinda ndicho kilichotangulia kunywa bwawani kiangazi chote. Mwaka uliopita kijiji cha mzee Nguchiro kilishindwa, na watoto wake walikunywa tope.

Sasa wakatokea warushaji chipukizi wawili, na wakuu wa vijiji, Nguchiro na Fisi, walipaswa kuchagua kwa zamu, kila mmoja wake. Nyani kijana alirusha mbali, vuuu, ukadhani mpira utarudi na salamu za ng'ambo. Tumbili kijana alirusha karibu, lakini alitazama kwanza. Nguchiro akamtaka Tumbili. Balaa ni kwamba zamu ya kwanza ya kuchagua ilikuwa ya Fisi, na Fisi naye alimtaka huyo huyo.

"Mzee, tubadilishane zamu," alisema Nguchiro.

"Nami nipate nini? Kikohozi chako? Hebu nipishe, kijukuu."

Basi kulikuwa na mila. Kabla ya kuchagua, mwenye zamu ya kwanza hurusha mpira ukunguni alfajiri, kuwaomba wahenga ruhusa. Ukidunda, wameridhia.

Nguchiro akamnong'oneza mkewe, "Mama Chanja, jificheni kule ukunguni na watoto. Mpira ukija, udakeni kimya. Kisha semeni tu, 'Wa kwanza.'"

Alfajiri ukungu ulikuwa mzito kama uji. Fisi akarusha, Nguchiro kando yake. Vuuu. Wakatega masikio.

Haukudunda.

Kisha, huko ndani, sauti nzito kana kwamba inatoka chini ya ardhi: "Waa kwaanza..."

Nguchiro akamsifu mkewe kimoyomoyo.

"Nguchiro, mwanangu," Fisi alisema, akirudi nyuma, "ile zamu, bado unaitaka?"

"Mimi? Na watoto wote wale, mzee?"

"Nakuongezea na ya mwakani."

"Haya. Kwa heshima yako tu. Namchukua Tumbili."

Fisi hakuaga. Alitimka, puru puru puru.

Nguchiro akacheka njia nzima hadi nyumbani. Akamkuta mkewe anapuliza moto, watoto wamelala fofofo.

"Mmeniwahi! Ile sauti uliitoa wapi, mke wangu?"

"Sauti gani, baba Chanja? Ukungu ulitutisha. Hatukutoka hata mlangoni."

Nguchiro akageukia mlango. Huko nje kitu kikadunda. Du. Kikakaribia. Du. Du. Mpira ukaingia polepole, ukasimama miguuni pake, umelowa umande, na nyuma yake sauti ikamwita mwenye zamu:

"Waa kwaanza..."

Wanangu, anayewatisha wenzake kwa jina la wahenga ajue kwamba wahenga nao wana masikio.