Atakayesimama Njiapanda

Hapo zamani, kabla kila mtu hajatembea na sinema mfukoni, pale Tukuyu palikuwa na kibanda cha video. Kaeni vizuri. Kisa hiki kimewashinda waliosoma hadi vyuo, na mimi niliyeishia darasa la tano ndiye ninayewaletea.

Mwenye kibanda, Mwakibete, alileta filamu fupifupi za mataifa: za Poland, za Irani, za Brazili. Theluji, jangwa, watu wenye huzuni. Kila mwisho uliokuwa na maiti, aliukata. "Siwezi kuwauzia watu msiba," alisema.

Mkalimani wake, Ambakisye, alishika maikrofoni na kuwasemea waigizaji kwa Kiswahili. Lugha zao hakujua hata moja! Alibuni tu, na watu wakapiga makofi.

Mbele alikaa Mama Lugano. Mwanawe alikwenda machimboni Sauzi, akanyamaza miaka. Mama akaacha kula. Jirani yake, Tusekile, ndiye aliyemburuta kibandani achangamke.

Ikaja filamu ya kijana mchimbaji. Anaondoka, kageuza mgongo, anasema maneno ya kwao. Mwishoni alirudishwa kwenye jeneza, lakini Mwakibete alishaukata mwisho huo. Ambakisye akamwona mama yule analia, akapaza sauti: "Mama, nakuja Jumamosi! Nisubiri njiapanda!"

Mama akasimama. "Tusekile, si Lugano yule? Wamempiga picha huko Sauzi!"

Tusekile akautazama ule mgongo, akaitazama ile mifupa ya mama iliyosimama kando yake. "Ndiye, mama. Hata mwendo ni wake."

Siku hiyo Mama Lugano alikula. Akaimba. Jumamosi akapika ndizi, akafunga sufuria kwa kitenge, akaenda njiapanda. Mvua ya Tukuyu mnaijua. Tusekile akamfuata.

"Turudi nyumbani, mama."

"Akinikosa je?"

Tusekile akafungua mdomo aseme kweli, akaufunga. Akamwachia mwavuli.

Asubuhi wakamkuta amekaa palepale, kakumbatia sufuria, amepoa pamoja na ndizi zake.

Makaburini Mwakibete na Ambakisye wakashikana mashati.

"Ambakisye, wewe ndiye uliyetaja Jumamosi!"

"Na wewe Mwakibete, ungeliacha jeneza, angejua ni sinema. Angelia, akaenda zake kulala."

"Mimi niliwaonea huruma! Lakini Lugano hatukuwahi kumwona. Aliyemjua ni Tusekile."

"Nilitaka ale," Tusekile akasema. "Na alikula."

Udongo haujakauka, lori likasimama, dereva akachungulia. "Mama Lugano yuko wapi? Mwanawe nimemwacha Mbeya, anafika Jumamosi. Kasema amsubiri njiapanda."



Jumamosi ikafika, na mvua ileile. Kijana anashuka na mabegi yake, anaangaza huku na huku. Lazima awepo mtu wa kumwambia.

Haya, wajuaji, msikune vichwa: aliyekata mwisho, aliyebuni maneno, au aliyesema "ndiye"? Je, nani alistahili kusimama pale njiapanda?