Kalunguyeye Atuma Kauri Ng'ambo

Nawapigia ngoma!
— Tunaisikia!
Inasema nini?
— Iulize wewe, sisi tutajua ni uongo!

Hapo kale, ng'ambo hii ya mto wanyama walitumia karanga kama fedha. Ng'ambo ya pili walitumia kauri. Mwenye kubadilisha alikuwa Fisi. Yeye aliketi huku na ngoma yake, mkewe aliketi kule na mtungi wa kauri. Ukimpa Fisi karanga, alipiga ngoma, ndu! ndu! Kila ndu moja, mkewe alimhesabia ndugu yako wa kule kauri moja.

Kwanza lakini, katika kila karanga tatu, Fisi alikula moja. Kacha!

"Ada ya ngoma," alisema.

Bei alitangaza mara moja kwa siku, na ilikuwa sheria ya baraza: bei ikishatangazwa haibadiliki mpaka jua lizame. Kwa hiyo Fisi hakutangaza mapema. Alitazama kwanza nani anakuja na nini. Wakija wenye karanga, karanga zilikuwa takataka. Wakija wenye kauri, karanga zilikuwa dhahabu.

Siku moja akaja Kalunguyeye, yule mdogo wa miiba, na karanga thelathini. (Wengine husema arobaini. Bibi yetu Rehani alisema thelathini, na ni thelathini.) Mama yake alilala ng'ambo kwa mganga Kobe, mguu umevimba. Kobe alitaka kauri sitini kabla ya adhuhuri, la sivyo dawa apewe mwingine.

"Shikamoo, mzee Fisi."

"Marahaba, kibonge. Karanga hizo? Leo naona kumi zitatoa kauri moja. Ngoja nitangaze."

Kalunguyeye akapiga hesabu. Fisi ale kumi, zibaki ishirini. Kauri mbili! Mama hapati hata jani la dawa.

Mara njiani, kwa mbali: chaka-chaka, chaka-chaka. Tembo anakuja, gunia mgongoni.

"Mzee," Kalunguyeye akasema taratibu, "unasikia gunia lile linavyolia?"

Fisi akasimamisha masikio. Chaka-chaka.

"Kauri!" akanong'ona. "Gunia zima! Na anakuja kwangu!"

"Mimi sijasema kitu, mzee."

"Nyamaza! Huna akili ya biashara."

Fisi akarukia ngoma. Ndu-ndu-ndu! "Sikieni wote! Leo karanga moja kwa kauri kumi!"

Digidigi alisikia. Kanga alisikia. Panya na watoto wake saba walisikia.

"Asante, mzee," akasema Kalunguyeye. "Hizi hapa karanga tisa. Kula ada yako."

Fisi, macho yakiwa kwa Tembo, akala tatu. Kacha! Kacha! Kacha! Kisha akazitazama sita zilizobaki, akapiga hesabu: kauri sitini!

"Wewe! Bei ile ni ya Tembo!"

"Ngoma ni ya baraza, babu," Kanga akadakia. "Piga, au tumwite Kiboko mwenye daraja, mlinzi wa sheria?"

Fisi akapiga. Ndu! Ndu! Mara sitini. Kobe akapokea, akaponda dawa, mama akapakwa.

Nyuma ya Kalunguyeye, Digidigi akaweka karanga. Fisi akapiga. Kanga akaweka. Fisi akapiga. Panya akaweka, na kila mtoto akaweka yake. Ndu-ndu-ndu-ndu, mpaka sauti ya mkewe ikavuka kutoka kule:

"Baba Chausiku! Umerogwa? Mtungi umebaki na buibui tu!"

Ndipo Tembo akafika, akalitua gunia. Puu!

"Karibu, mkubwa wangu!" Fisi akamshika mkonga, jasho likimtoka. "Hizo kauri zako..."

"Kauri gani? Kokoto hizi. Natengeneza sakafu ya jikoni. Ila nikichoka nitakuachia kidogo."

Kalunguyeye alikuwa keshafika katikati ya daraja, na karanga zake ishirini na moja za kumkaangia mama.

Fundisho? Watoto, mambo ya kubadilisha fedha waachieni wakubwa. Mdogo akianza kuuliza maswali kuhusu magunia ya watu, fisi wa watu analala njaa. Na ukiwa na mama ng'ambo, tafadhali, usimkumbuke.

Ngoma yangu imechoka, ngozi imelegea.
— Ianike juani!
Nimeianika. Nendeni mkale.
— Karanga?
Moja moja. Ada nimeshakula.